Aliyefikwa na Balaa, Je, Amestahiki?

Kitui na Makueni ni nchi kavu. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mitupu katika sehemu nyingi za mashariki na kaskazini ya Kenya. Katika ukame kama huo aliyelima na asiyelima huvuna sawasawa, na nafsi huuliza: je, dunia hii ina uadilifu?

Jawabu ya mtu kwa swali hili yagusa afya ya akili yake. Claudia Dalbert, mtaalamu wa Ujerumani, amepambanua itikadi mbili. Ya kwanza ni mtu kuamini kwamba yeye mwenyewe, kwa jumla, hutendewa haki. Ya pili ni kuamini kwamba kila mtu duniani hupata anachostahiki. Uchunguzi umeonyesha kuwa wenye ile ya kwanza aghalabu huridhika zaidi na maisha yao, na dhiki ya nafsi huwapungukia. Kwani mwenye kutaraji haki huona maana ya kupanda tena. Ama ile ya pili, mara nyingi hufuatana na ugumu wa moyo kwa maskini.

Mwaka 1966 huko Marekani, Melvin Lerner na Carolyn Simmons waliwaonyesha wanafunzi mwanamke aliyejifanya kuteswa kwa umeme. Waliopewa uwezo wa kumwokoa hawakumdharau. Walioambiwa kwamba mateso yataendelea walimtia ila. Yaani, tukishindwa kuiondoa dhulma, twamlaumu aliyedhulumiwa ili nyoyo zetu zitulie.

Hayo hayako mbali nasi. Mwenye maradhi ya akili huambiwa kuwa amerogwa, au analipwa dhambi zake. Naye akisadiki huyaficha, yakazidi. Kwa sababu hiyo, huko Makueni katika miaka ya 2010, taasisi ya Profesa David Ndetei iliwafundisha waganga wa kienyeji na waponyaji kwa dua kuzitambua dalili za huzuni iliyokithiri, na kuwapeleka wagonjwa kwenye zahanati.

Nabii Ayyub, alayhis-salaam, alipatwa na maradhi naye ni mja mwema. Basi ukimwona jirani halali, hali, na kazi ameiacha, usimchunguze dhambi zake. Fuatana naye kwa tabibu, na akikosa nauli, mlipie.