Tucheke na Neno, Tusimcheke Msomaji



Ndugu msomaji, tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, haja ya Kiswahili hapa Juba imezidi, hasa kwa wanaofanya biashara na ndugu zetu wa Uganda na Kenya. Mimi husaidia darasa dogo la kusoma kila Jumamosi baada ya Adhuhuri. Wengi wa wanafunzi wetu ni watu wazima waliojifunza herufi za Kiarabu khalwani. Herufi za Kilatini huwasumbua, na kusoma kwa sauti mbele ya vijana huwatia haya.

Siku moja mzee mmoja, mfanyabiashara, alisoma ubaoni: "Nilifika Juba mara ya kwanza." Darasa zima likaangua kicheko, kwa kuwa katika Kiarabu cha Juba "mara" ni mwanamke au mke. Nami nilicheka. Mzee akafunga daftari lake, na Jumamosi mbili zilizofuata hakuonekana.

Nikajiuliza: je, mzaha una nafasi katika elimu? Nikakumbuka Hadithi ya Anas (r.a.), waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi. Mtu alimwomba Mtume (s.a.w.) mnyama wa kupanda, naye akamwambia atampandisha juu ya mtoto wa ngamia. Yule mtu akashangaa: mtoto wa ngamia atamfaa nini? Mtume akamuuliza kama kuna ngamia asiyezaliwa na ngamia. Tazama, neno ni moja, maana ni mbili, na hakuna uongo ndani yake. Hata Qur'ani, katika Suratur Rum aya ya 55, inalitaja neno "saa" mara mbili: la kwanza ni Kiyama, la pili ni muda mfupi. Wanazuoni wa balagha huliita jambo hili jinasi.

Lakini Suratul Hujurat, aya ya 11, inatukataza kudharauliana. Basi nilielewa kosa letu. Kulicheka neno si vibaya; sisi tulimcheka msomaji. Nilikwenda dukani kwa yule mzee nikamwomba radhi. Tangu hapo tunafundisha hivi:

1. Mwalimu huanza kwa kujicheka mwenyewe. Mimi huwaeleza kwamba Kiswahili "moyo" ni kiungo cha mwili, lakini sikio la Juba husikia "moya", yaani maji. Kwa hiyo nikisema moyo wangu ni safi, huenda mtu akaniletea bilauri.

2. Tunatafuta vitate. Kiarabu hakina sauti ya "p", kwa hiyo "pata" na "bata" huchanganywa. Tunaandika: "Baba kapata bata, bata hakupata baba." Kila mmoja husoma polepole kwanza, kisha haraka. Tunasoma wote kwa pamoja kabla ya kumwita mtu mmoja mmoja, ili asiwepo wa kuaibika peke yake.

3. Tunatafuta vitawe. "Kaa hapa, usishike kaa la moto, wala usimguse kaa wa baharini." Msomaji hawezi kuitamka tu sentensi hii akapita, ni lazima aielewe ndipo aonyeshe kaa yupi ni yupi.

4. Tunatega fumbo. "Anzia kulia au kushoto, hunipotezi. Mimi ni neno gani?" Jibu ni "aya". Wengine hupata "ini" na "ada". Fumbo hili huwapendeza sana waliozoea kusoma kutoka kulia, kwa sababu wanaona walichojifunza khalwani hakikupotea.

Mchezo usizidi dakika kumi. Ukiwa mrefu huwa chumvi nyingi katika mchuzi, na somo lenyewe haliliki.

Jumamosi ya tatu mzee alirudi. Sikumtaja. Sentensi ile ile ilikuwa ubaoni, akainua mkono mwenyewe. Alisimama, akavaa miwani, akasema, "Mwanangu, leo naisoma mara ya pili. Wa nyumbani asisikie." Tulicheka sote, naye akicheka kuliko sisi. Kisha akaisoma sentensi yote, herufi kwa herufi, bila kukosea.

Ewe ndugu unayefundisha, iwe ni Kiswahili, Kiarabu au Alifu na Be kwa watoto wa mtaani kwako, chunga heshima ya anayesoma kwanza. Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa na ulimi wenye adabu. Amin.

Wabillahi tawfiq.