Saini ya Dakika Tano, Safari ya Wiki Tatu: Somo la Kupunguza Upotevu Ofisini

Somo letu linahusu upotevu usioonekana kwa urahisi, yaani upotevu wa muda katika kazi za ofisi. Mtumishi aweza kushughulika tangu asubuhi hadi jioni, na ombi la mwananchi likabaki pale pale lilipokuwa jana. Tatizo mara nyingi limo katika njia ambayo kazi hupitishwa.

Aina saba za upotevu

Mhandisi Taiichi Ohno wa kampuni ya Toyota nchini Japani aliainisha aina saba za upotevu kiwandani. Zote zina sura yake ofisini: kutoa nakala tano panapohitajika mbili, jalada kungoja saini, barua kuzungushwa meza kwa meza, taarifa ile ile kuandikwa katika madaftari matatu, maombi kurundikana, karani kuhangaika akitafuta mhuri, na fomu kurudishwa kwa kuwa haikukamilika.

Mfano wa kufikirika

Tuchukue kikundi cha vijana wa Kilimarondo au Mbekenyera kinachoomba mkopo wa halmashauri ili kununua mashine za kupulizia mikorosho. Tuseme kupokea na kukagua ombi huchukua dakika 30, kuandika maoni dakika 40, kusaini na kugonga mhuri dakika 5. Jumla ni saa 1 na dakika 15. Hata hivyo, ombi linakaa ngazi ya kata kwa siku 21. Muda uliobaki wote limelala: mezani, ndani ya bahasha, au likimsubiri mtu aliye safarini. Likifika wilayani na kuonekana halina nakala ya katiba ya kikundi, linarudi lilikotoka na hesabu inaanza upya.

Hasara yake ni kubwa. Ubwiri unga hushambulia mikorosho wakati wa maua, na maua hayangoji saini. Mkopo ukitoka baada ya msimu wa kupulizia, vijana wanabaki na mashine zisizo na kazi na deni lenye tarehe ya kulipwa.

Ieleweke kwamba ukaguzi unaolinda fedha za umma si upotevu, na hauna budi kubaki. Kinachopaswa kupunguzwa ni kungoja kusikomlinda mtu yeyote.

Hatua tano

Nchini mwetu somo hili si geni. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia utaratibu wa Kijapani wa hatua tano, ambao baadaye ulienea katika hospitali nyingine. Kwa Kiswahili hatua hizo hutajwa hivi:

1. Sasambua: tenga vinavyotumika na visivyotumika. Majalada yaliyofungwa yapelekwe masijala.
2. Seti: kila kitu kiwe na mahali pake palipoandikwa jina.
3. Safisha: meza iwe safi, ili jalada lililokwama lionekane mara moja.
4. Sanifisha: orodha moja ya viambatisho itumike katika kata zote, na ibandikwe kwenye ubao wa matangazo.
5. Shikilia: utaratibu uendelee hata mtumishi aliyeuanzisha anapohamishwa.

Hatua ya nne ndiyo yenye manufaa ya haraka kwa mwananchi. Anayejua viambatisho vyote kabla ya kuondoka nyumbani hupanda bodaboda mara moja badala ya mara tatu.

Kwenda kuona

Sharti jingine la utaratibu huu ni kwamba anayepanga aende akaone kazi inapofanyika. Nachingwea inaijua gharama ya kulikiuka. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ilikuwa moja ya maeneo yake matatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Ilijengwa reli ya kubebea mazao kutoka hapa na bandari ya kuyasafirishia huko Mtwara, kabla ardhi na mvua kufahamika vya kutosha. Mwaka 1951 mpango ulisitishwa. Karanga zilizotarajiwa hazikupatikana, na baadaye hata reli iling'olewa.

Ofisini, kwenda kuona ni kulifuata ombi moja tangu linapopokelewa hadi linapojibiwa, huku ukiandika saa na siku katika kila meza. Kazi hii haihitaji kompyuta wala bajeti. Kalamu na karatasi zinatosha.

Maswali ya kujadili

Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika angalau kila miezi mitatu. Tunashauri maswali haya yajadiliwe humo, na pia katika vyama vya msingi vya ushirika:

1. Ni huduma ipi iliyowarudisha wananchi wengi nyumbani mikono mitupu, na ni kiambatisho gani kilichokosekana?
2. Jalada hulala zaidi kwenye hatua ipi, na nani mwingine aweza kukaimu saini mhusika anapokuwa safarini?
3. Je, orodha ya viambatisho imebandikwa mahali ambapo mwananchi aweza kuisoma hata ofisi ikiwa imefungwa?

Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, na mkutano unaofuata uanze kwa kuulizana lipi limetekelezwa.