Umenunua kozi mtandaoni? Jua namba yako inakwenda wapi

Mtu ananunua kozi ya kuuza bidhaa mtandaoni kwa shilingi elfu thelathini. Anajaza jina, barua pepe na namba ya simu, analipa, anapewa video zake. Siku chache baadaye simu inaita. Anayepiga ana sauti ya upole, anamtaja kwa jina, anajua kozi aliyonunua na lini alilipa. Anampongeza. Anasema mwalimu wa kozi amemchagua awe miongoni mwa wachache watakaofundishwa ana kwa ana na kocha. Kisha yanafuata maswali: unafanya kazi gani, kwa mwezi unaingiza kiasi gani, una akiba, unadaiwa, kadi yako ya benki ina kikomo cha shilingi ngapi? Mnunuzi anadhani anasailiwa ili ijulikane kama anafaa. Kinachopimwa ni mfuko wake.

Mara nyingi mpigaji huyo hana uhusiano wowote na mwalimu, isipokuwa makubaliano ya kugawana fedha. Muuzaji wa kozi ametoa orodha ya wateja wake, kampuni ya ukocha imeajiri watu wa kupiga simu, na kila anayekubali kulipa, muuzaji anapata fungu lake. Biashara hii ilikomaa Marekani, hasa katika jimbo la Utah, ambako yalikuwapo maofisi ya watu waliokaa siku nzima na simu wakipigia majina yaliyoletwa na wauzaji wa mtandaoni. Mwaka 2012 jarida la The Verge lilichapisha uchunguzi mrefu kuhusu mtandao huo. Jina linalotafutwa zaidi humo ni la mtu aliyekwisha kulipia kitu kidogo, kwa kuwa ameonyesha mambo mawili: anatamani kujikwamua, na haogopi kulipa mtandaoni.

Tofauti ya bei inaonyesha kwa nini watu hawaachi kuuza orodha hizi. Mwaka 2018 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni iitwayo MOBE, ambayo iliwaingiza watu kwa mpango wa hatua 21 uliouzwa dola 49, kisha ikawasukuma kupanda ngazi za uanachama, ya juu ikikaribia dola 60,000. Tume ilidai kwamba watu walipoteza zaidi ya dola milioni 125. Hizo dola 49 hazikuwa faida. Zilikuwa njia ya kumpata mtu wa kupigiwa simu.

Ulinzi unaanza kabla ya kulipa. Fungua sera ya faragha ya muuzaji, tumia kitufe cha kutafuta maneno, andika “partners”, kisha “affiliates”, kisha “third parties”. Kama sera ni ya Kiswahili, tafuta “washirika”. Usiridhike kuliona neno, soma sentensi nzima. Kumpa taarifa zako mshirika anayepokea malipo au anayetuma barua pepe kwa niaba ya muuzaji ni jambo la kawaida. Kumpa mshirika “mwenye bidhaa zinazoweza kukuvutia” ndiko kuuzwa kwenyewe. Kama hakuna sera kabisa, na kozi inauzwa kwa ujumbe wa WhatsApp tu, muulize muuzaji swali moja kwa maandishi: “Namba yangu utampa nani mwingine?” Jibu atakalotoa lihifadhi. Asipojibu, tafuta kozi kwingine.

Tazama pia visanduku vya fomu vilivyokwisha kutiwa alama ya vema kabla hujavigusa, uifute alama hiyo. Sehemu ya namba ya simu isipokuwa ya lazima, iache wazi, maana video haihitaji namba yako ili ifunguke. Ukilipa kwa M-Pesa au huduma nyingine ya fedha kwa simu, namba na jina lako vinaweza kuonekana upande wa pili hata usipoviandika popote. Kwa hiyo mtu anayenunua mara kwa mara afadhali awe na laini nyingine kwa kazi hiyo, isiwe ile inayojulikana na familia, benki na mwajiri.

Sasa nije kwenye mbinu ninayoithamini kuliko zote: tia alama kila unapojiandikisha, ili taarifa zikivuja ujue zimevuja wapi. Gmail inakuruhusu kuongeza alama ya kujumlisha na neno lolote baada ya jina lako. Mwenye anwani jinalako@gmail.com anaweza kujiandikisha kama jinalako+kozi1@gmail.com, na barua zitaingia kwenye kikasha kilekile. Siku ikija barua ya kocha usiyemjua kwa anwani yenye “kozi1”, huna haja ya kubahatisha. Tatizo ni kwamba baadhi ya fomu hukataa alama hiyo, na wenye ujanja huifuta kabla ya kutoa orodha. Ndiyo maana nashauri utie alama kwenye jina pia. Kozi hii jiandikishe kwa herufi ya kati K, ile kwa herufi T. Mpigaji akisema “Habari, naongea na Neema K.?”, amekwisha kukuambia alikotoka bila yeye kujua. Andika kwenye daftari herufi gani ulimpa nani na tarehe ya malipo. Bila daftari alama hazikusaidii kitu.

Simu ikija, usigombane wala usijieleze. Uliza jina kamili la kampuni na mahali iliposajiliwa. Uliza namba yako imetoka kwa nani. Mwambie akutumie majibu kwa maandishi, pamoja na bei. Mwenye biashara ya haki hatasumbuka. Wengi wa wale wengine watakata simu au watakuhimiza kwamba nafasi inafungwa leo. Kikomo cha kadi, akiba na mkopo usivitaje kwa lolote, na usilipe ukiwa bado kwenye simu. Akisema ametumwa na mwalimu, mwandikie mwalimu mwenyewe kwa anwani uliyotumia kununua.

Barua hiyo kwa mwalimu ndiyo yenye nguvu, kwa sababu yeye ndiye uliyempa taarifa na yeye ndiye wa kujibu. Unaweza kuiandika hivi:

“Nilinunua kozi yako tarehe fulani. Tarehe fulani nilipigiwa simu na kampuni fulani iliyokuwa na jina, namba na taarifa za ununuzi wangu. Nijulishe kwa maandishi: una taarifa gani zangu, umempa nani, lini, na kwa idhini ipi. Kuanzia leo sikubali zitumike kwa matangazo wala kupewa mtu mwingine. Waagize uliowapa wazifute, kisha unithibitishie.”

Tuma kwa barua pepe, na upige picha kumbukumbu ya simu uliyopigiwa.

Kisheria una pa kusimama. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kwa kanuni zake, ombi la kuona data yako linapaswa kutekelezwa ndani ya siku saba, na malalamiko yakifika kwa Kamishna wa Data yanapaswa kumalizwa ndani ya siku 90. Ofisi ya Kamishna imekwisha kuonyesha meno: Septemba 2023 ilimtoza mkopeshaji wa mtandaoni, Mulla Pride, faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kutuma ujumbe wa vitisho. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake hupokea malalamiko. Sheria hiyo inakupa haki ya kukataa taarifa zako kutumika kwa matangazo ya biashara.

Kwa ndugu walioko Marekani, jueni kwamba kuweka namba kwenye orodha ya kitaifa ya wasiotaka kupigiwa hakumzuii muuzaji uliyenunua kwake. Anaruhusiwa kukupigia hadi miezi 18 baada ya ununuzi. Lakini ukimwambia aache, lazima aache, na ruhusa yake haimhamii kocha aliyenunua orodha. Kama ulikwisha kulipa kwa kadi ya mkopo, andikia benki kupinga malipo ndani ya siku 60 tangu ulipotumiwa taarifa ya akaunti yenye malipo hayo. Usisubiri kampuni ya ukocha ikuahidi kurudisha, maana ahadi hizo hula siku zako.

Na wewe unayeuza kozi, nakuomba jambo moja. Utakapofuatwa na kampuni inayotaka orodha yako kwa ahadi ya fungu, waandikie kwanza wateja wako, uwaeleze ni nani anayewataka, anauza nini, bei gani, na wewe utapata kiasi gani. Watakaojibu ndiyo, wape hao tu. Aliyenyamaza hajakubali.