Dondoo muhimu: Kabla mashine haijaingia kazini

Katika majaribio ya miezi sita yaliyotangazwa mwaka 2018 na DHL, GIZ na Wingcopter, ndege isiyo na rubani ilipeleka dawa kutoka bara hadi kisiwa cha Ukerewe nchini Tanzania, kilomita 60, kwa wastani wa dakika 40, ikijiongoza yenyewe. Kwa barabara ni kilomita 240 na saa sita hivi. Hata hivyo, dawa ilibidi iagizwe, ipokelewe na ikabidhiwe mgonjwa na watu. Hata sampuli za maabara za safari ya kurudi ziliandaliwa na mtu. Kwa hiyo timu ya Ilemela, iwe ya zahanati au ya ghala la dagaa Mwaloni Kirumba, ianze kwa kuorodhesha kazi zake hatua kwa hatua, kisha iandike nani atakagua jibu la mashine na nani ana mamlaka ya kulikataa. Wengi huteleza hapa: hununua programu kwanza, mafunzo baadaye.

Wapo wanaosema mashine zinakuja kupunguza watu. Hofu hiyo ina msingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa na kushauriana kabla ya kupunguza wafanyakazi. Ni busara ashauriane mapema zaidi, wakati mashine au programu inachaguliwa, maana anayeifanya kazi ndiye anayejua inapokwama. Na taarifa za wagonjwa au wateja zisiingizwe ovyo kwenye programu za nje: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023.