Fasihi na Mtu Aliyekosa Msemaji



Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, ibara ya 12, inatamka kwamba binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa. Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi. Mwaka 2010 ikatungwa pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Hata hivyo, katika Kanda hii ya Ziwa tunamoishi sisi wa Shishiyu, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo. Tujiulize basi: pale ambapo sheria imekwisha kusema, fasihi inaongeza nini?

Tuanze na majina. Kabla panga halijainuliwa, jina la mtu hubadilishwa. Bibi wa watu anaitwa "mchawi". Kijana mwenye ualbino anaitwa "dili". Aliyeitwa hivyo haonekani tena kuwa ni mama au mtoto wa mtu. Kazi ya kwanza ya fasihi ni kumrudishia jina lake na nyumba yake.

Tazama kazi ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Mkatoliki aliyesoma Seminari ya Rubya. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Bugonoka hana mtoto, na ndugu wa mumewe wanamsema hata wazazi wake wanamrudisha kwao. Myombekere anamfuata, anawaomba radhi wakwe na kulipa pombe ya ndizi waliyomtoza. Msomaji anayeingia katika nyumba hiyo anamjua Bugonoka kama mke anayependwa. Hawezi tena kusema "yule mgumba" kwa wepesi.

Wengi wetu tulisoma pia Takadini ya Ben Hanson katika somo la Kiingereza sekondari. Sekai, aliyekaa miaka mingi bila mtoto, anajifungua mtoto mwenye ualbino. Mila inataka mtoto afe. Mama anambeba usiku na kukimbia. Kule anakokimbilia, mzee mganga anawapokea, ingawa watoto wa kijiji wanamtenga Takadini. Tulikisoma kwa ajili ya mtihani, lakini kinatuuliza swali la nyumbani: Sekai angebisha hodi kwetu, tungefungua?

Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa na Boethius kwamba nafsi ni dhati ya pekee yenye asili ya akili. Fasili hiyo ni ya kweli na inamhusu kila mtu, yule kikongwe akiwamo. Ila hakuna anayemlilia mtu kwa sababu ya fasili. Akili inakubali kwamba wote ni sawa, huku moyo ukiwa bado na orodha ya wasiohesabiwa. Hadithi hufika pale moyoni. Ndiyo maana hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake ya Julai 17, 2024 kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi, aliwahimiza waseminari na waamini wote kusoma: anayesoma hujizoeza kusikiliza sauti ya mwingine.

Hapa kuna hatari moja. Tunaweza kumlilia Sekai wa kitabuni, kisha tukapita mbele ya nyumba ya bibi anayesingiziwa bila hata kumsalimu. Mwandishi humsemea mtu ili atakapoanza kusema mwenyewe apate wa kumsikiliza. Jumuiya zetu ndogondogo zinaweza kuanza hapo: kusali nyumbani kwa bibi huyo, kumpa nafasi asimulie maisha yake, na kumkaripia hadharani anayemwita mchawi. Mahali ambapo uvumi hugeuka kifo, ukimya wetu nao ni kauli.

Maswali ya kutafakari:

1. Ni majina gani tunayotumia kijijini yanayomwondolea mtu utu wake?
2. Ni nani katika jumuiya yetu ambaye hatujawahi kumsikia akisema?
3. Akianza kusingiziwa leo, nani atasimama naye kwanza?