Mto Ruvu ukikauka, nani kamaliza maji?

Oktoba 2022 Dar es Salaam iliingia kwenye mgao wa maji, na lawama zikapanda mtoni: wakulima na wafugaji wanamaliza Ruvu. Vijana wengi bado mnaniuliza, ni kweli? Tujibu kwa hesabu, siyo kwa hasira.

Nyanya zilizokomaa wakati wa kiangazi zinataka kama milimita 5 za maji kwa siku. Kwa eka moja hiyo ni lita 20,000. Mtambo wa Ruvu Chini una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, yaani maji ya eka 13,500. Ukitumia mfereji wa udongo unaopoteza nusu njiani, ni eka 6,750 tu. Kwa hiyo tusijitoe, sisi tumo.

Lakini hatupo peke yetu. Mvua zilikuwa hafifu, misitu ya vyanzo imekatwa, na mabomba ya mjini yanavuja. Kubwa zaidi, jiji limetegemea mto usio na akiba: masika maji yanakwenda baharini Bagamoyo, kiangazi tunagombania kilichobaki. Bwawa la Kidunda limezungumzwa miaka na miaka, mkataba wa ujenzi ukasainiwa Novemba 2022. Ukame hupunguza maji. Kukosa akiba ndiko kunakoleta mgao.

Sasa wewe ufanye nini? Mto ukishuka, wa kwanza kuzimiwa pampu ni asiye na karatasi.

1. Chukua kibali cha kutumia maji kwenye bodi ya bonde lako. Sheria ya mwaka 2009 inakitaka.

2. Pima pampu yako. Ikijaza pipa la lita 200 kwa sekunde 20, inatoa lita 36,000 kwa saa. Eka ya nyanya inahitaji nusu saa na kidogo, siyo kutwa nzima. Andika kwenye daftari kila siku.

3. Weka umwagiliaji wa matone na matandazo, anza hata na robo eka.

4. Chimba bwawa dogo, ujaze masika.

5. Acha mita 60 kutoka ukingo wa mto bila kulima.

Siku wakija kukagua, daftari na kibali ndivyo vitakavyokutetea. Maneno matupu hayatoshi.