Shida Ndogo ni Darasa

Ndugu wanafunzi, mimi naamini kwamba akili hainolewi na vitabu peke yake. Hunolewa pia na shida za kila siku. Mfano ninaoupenda watoka Malawi.

Njaa ilipoingia huko mwaka 2001 na 2002, wazazi wa William Kamkwamba walishindwa kumlipia ada, naye akaacha shule. Hakukaa bure. Alikwenda katika maktaba ndogo ya shule ya msingi, akaona picha ya vinu vya upepo. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini picha alizifahamu. Akatafuta feni ya trekta, baiskeli mbovu, dinamo na bomba la plastiki, akajenga kinu juu ya mnara wa miti. Watu walidhani ana wazimu. Taa ilipowaka walishangilia, na baadaye wakaja kwake kuchaji simu zao.

Nataka mwangalie jambo moja. Kazi haikwisha taa ilipowaka. Nyaya zikigusana nyumba yaweza kuungua. Basi akatengeneza kifaa cha kukata umeme kwa misumari, waya na sumaku, akifuata mfano wa kengele ya umeme. Kila shida aliyoitatua ilimfundisha kuitazamia ya pili. Hiyo ndiyo naiita hekima.

Basi, bomba la bweni likivuja, au mwenzenu akishindwa na hesabu, msikimbilie kumngoja mwalimu. Jiulizeni kwanza: tatizo ni nini, tuna nini mkononi, na nani mwingine atafaidika? Akili ni mali, lakini mali isiyotumika huliwa na mchwa.